Mjomba Nyuma ya Kamba

Jumatatu, 8 Septemba

Leo nimemaliza kochi la watu saba peke yangu! Mohamednur, mwenye karakana, amelizunguka mara tatu akitafuta kasoro. Hakuna. Akakaa, akainuka, akakaa tena. Akaniuliza huko Mwanza tulikuwa tunawatengenezea wafalme? Nikamwambia hapana, maaskofu. Kuna askofu alilala kwenye kochi langu siku mbili, ibada ikaahirishwa. Mohamednur alicheka mpaka akashika meza. Mwezi wa nane huu tangu nihamie Nairobi, na hapa Mbotela yote sijaona fundi anayevuta kitambaa kama mimi. Sijisifu. Nasema nilichokiona.

Jioni nikapita mtaa wa Tena kwa shemeji Kweyu, aliyemwoa dada yangu Nyanjura. Nyanjura ametutoka miaka mitatu sasa. Nikakuta nyumba imenuna. Mpwa wangu Muhonja kajifungia chumbani. Kweyu yuko jikoni anakata sukuma wiki kwa hasira — vipande vikubwa kama vya kulishia ng'ombe.

Neno lenyewe ni raga. Muhonja anacheza raga na wasichana wa Umoja, hilo nalijua. Nisilolijua ni kwamba klabu kubwa ya mjini inamtaka. Watamsomesha chuo, watampa bweni, yeye awachezee. Kocha wake, Shiru, anataka jibu la mzazi kabla ya tarehe ishirini na mbili. Na mzazi amekataa. Jirani alimwonyesha kwenye simu msichana anabebwa kwa machela, shingo imefungwa. Kweyu akaniambia, "Shemeji, hospitali ilinichukulia mmoja. Wa pili sitawapelekea na mkono yangu."

Hapo ningenyamaza. Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikasema: "Raga haiui, shemeji. Mimi mwenyewe nimeicheza miaka sita."

Mlango wa chumbani ukafunguka kidogo.

Jumatano, 10 Septemba

Daftari hili halisomwi na mtu, kwa hiyo niandike: sijawahi kushika mpira wa raga. Nimewahi kuuona. Kwa kinyozi, kwenye televisheni, na kinyozi akabadilisha stesheni.

Lakini juzi nilipoanza sikuweza kusimama. Timu yetu iliitwa Viboko wa Mwanza. Mimi nilikuwa namba kumi na tisa. Wajerumani wa kiwandani walikuja na kiburi chao tukawafunga, na mmoja akaomba kuhamia kwetu. Muhonja alikuwa ameshatoka chumbani, amekaa juu ya mkono wa kochi, macho yanawaka. "Mjomba! Na hukuwahi niambia!" Sasa kwa macho yale, nani angeacha?

Leo saa ya chakula Kweyu amekuja karakana na nguo zake za kiwandani. Hajawahi kuja. Akakaa kwenye fremu ya kochi ambalo halina hata sponji, akakataa chai. Akaongea taratibu, neno moja moja. Kwao Uluhyani mtoto ana baba wa kumlea, lakini ana mjomba wa kumfungulia njia. Wanamwita khotsa. Khotsa akishasema, baba haongezi neno.

"Nyanjura hayuko. Wewe ndio mdomo yake," akasema. "Na tena hii mchezo umeicheza, unaijua. Jumamosi ya tarehe ishirini wako na mashindano. Mimi siwezi enda, moyo yangu haitaweza. Enda wewe uone. Jumapili ukuje uniambie. Ukisema acheze, atacheza. Ukisema aache, ataacha."

Nikamwambia hakuna shida. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili! Mtu mzima yule. Akarudi kazini.

Sikula. Chapati mbili zimebaki kwenye karatasi mpaka zimekuwa ngumu.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimeanza kusoma raga kwa siri. Kumbe namba kumi na tisa haiwezekani! Hawa wasichana wanacheza saba kwa saba. Na dakika saba tu, wanapumzika, dakika saba tena, wamemaliza. Dakika saba — chai yangu haijapoa.

Haya nimeyapata kwa Mohamednur, ambaye shuleni walilazimishwa kuicheza. Nilimuuliza kwa mbali, kama mtu anayejikumbusha. Ningeishia hapo ningekuwa salama. Nikaongeza kwamba sifa yangu mimi ilikuwa mipira ya kichwa.

Akaacha kupiga misumari. "Mzee Masatu. Kwa raga hakuna kupiga kichwa."

Nikasema Tanzania tulikuwa na sheria za zamani. Akanitazama mpaka nikaenda kutafuta gundi. Gundi ilikuwa mkononi mwangu.

Jumapili, 14 Septemba

Chakula cha mchana kwa Kweyu. Ugali, kuku, na mrenda ambao mimi bado naukwepa, naulaza chini ya mfupa.

Baada ya kula Kweyu ameuliza swali la haki kabisa. Mtu anamwangushaje mwenzake bila shingo kuvunjika? Nimwonyeshe. Muhonja akasimama katikati ya chumba: "Nishike mimi, mjomba." Nikamwendea jinsi ninavyoendea kochi la kubeba, kichwa mbele. Akanishika bega, akanizungusha pole pole. "Kichwa inakaa kando, mjomba. Ukiiweka mbele utajiumiza." Akasema kwa sauti ya chini, baba yake asisikie. Halafu kwa sauti kubwa: "Eeh! Bado ana nguvu huyu!"

Mimi nilikuwa nimeshalala juu ya meza ya chai. Vikombe viwili, kwaheri.

Kweyu alicheka. Nataka niandike hili vizuri: Kweyu alicheka mpaka akafuta macho. Sijawahi kumsikia tangu msiba.

Muhonja alipookota vigae alifunga nywele kwanza, utepe ameubana kwa meno. Nyanjura yule yule. Nilikwenda kuosha mikono iliyokuwa safi.

Jumanne, 16 Septemba

Mgongo! Mohamednur ameuliza nimeinua nini. Nimesema piano.

Ijumaa, 19 Septemba

Kesho. Nimepiga pasi koti la kijivu. Mtu hawezi kwenda kutoa hukumu na fulana.

Hukumu yenyewe naijua tayari: acheze. Niliamua siku ile mlango ulipofunguka kidogo. Kwenda ni kwenda tu, nikaonekane. Nitakaa, nitatikisa kichwa kama mjuzi, nitarudi niseme. Kazi nyepesi.

Jumamosi, 20 Septemba

Nimerudi sasa hivi, koti bado mwilini. Naandika hivyo hivyo.

Uwanja uko Umoja, nyuma ya maghala. Udongo mweusi, umekauka umepasuka, mgumu kama sakafu. Nyasi ziko kona mbili tu. Vigingi na kamba ya manila kuzunguka pande zote. Watu wengi! Watoto, kina mama na miavuli ya jua, mtu mmoja na tarumbeta asiyejua kuipiga na asiyechoka.

Peke yangu mwenye koti. Vijana wakanianza: "Niaje mzee, harusi ni wapi?" Nikasema niko kazini. Mmoja akanasa lafudhi. "Huyu ni wa TZ! Karibu raga mzee! Kwenu si mnachezanga bao tu?" Nikamwambia bao nacheza, na raga nimeicheza pia, aulize Mwanza. Basi wakanipisha mpaka mbele kabisa, tumbo linagusa kamba. Heshima ile ndiyo iliyoniponza. Ningekuwa nyuma nisingefika.

Muhonja akaingia. Jezi ya kijani, namba nne, soksi mpaka magotini, kile kiplastiki cha kulinda meno kimemjaza mdomo. Mwembamba! Wa Dandora walioshindana nao walikuwa wamejengeka kama milango. Nikatafuta wa kumlalamikia, sikumpata.

Mpira wenyewe sikuuelewa. Wanakimbia mbele lakini wanarusha nyuma! Anayetaka kwenda mbele anampa wa nyuma yake. Nikatikisa kichwa kama nilivyopanga. Halafu Muhonja akaupata mpira upande wa huku, akakimbia — Mungu wangu, mtoto anakimbia! Sikujua. Siku zote namwona amekaa, anakula, anafua. Sikujua kama ana kile kitu miguuni. Nilipiga kelele mpaka mwenye tarumbeta akanigeukia.

Dandora saba, sisi tano. Dakika ya mwisho. Muhonja tena, anaukaribia mstari, mita tano, mita tatu — wakamshika. Akaanguka. Mmoja akamlalia. Wawili. Halafu wa kijani wawili, wa kwetu, wakaja nao wakamlalia! Ikawa rundo. Nikaona soksi moja tu inatingishika chini. Nikasikia sauti yake.

Sikumbuki kuruka kamba. Wanasema niliruka, miaka hamsini na miwili, na koti. Ninachokumbuka nimeshika kiatu cha msichana wa Dandora navuta, kiatu kikatoka, nikakitupa, nikashika mguu wa pili. Napiga kelele: "Mwacheni! Mwacheni mtoto wa watu! Ana mjomba huyu!"

Kipenga.

Halafu kicheko kilichoanzia upande wa tarumbeta na kuzunguka kamba yote.

Rundo likafunguka. Muhonja alikuwa chini kabisa, ameukumbatia mpira, mzima, hana hata mchubuko. Akakitoa kile kiplastiki mdomoni. "Mjomba. Unafanya nini?"

Refa ni kijana mfupi, anaitwa Njogu. Akanijia pole pole kama mtu anayekaribia ng'ombe asiyemjua. "Mzee, hii si vita. Hawa wote wamelala hapo kwa kupenda." Akanielekeza nikaokote kiatu, nikakiokota, nikampa mwenyewe. Halafu akatia mkono mfukoni, akanionyesha kadi nyekundu! Mimi! Watu walilia kwa kucheka. Kuanzia hapo jina langu ni Mjomba uwanja mzima, hata kwa watoto wadogo.

Ikabidi waanze upya kwa kusukumana, watatu kwa watatu. Wa kwetu walipewa mpira lakini ukaponyoka, Dandora wakaupiga nje. Mwisho. Saba kwa tano.

Muhonja alipopita kwenye kamba hakupaza sauti. "Tulikuwa tunafunga, mjomba. Mita mbili."

Afadhali angenitukana.

Njogu alitaka nitolewe nje ya uwanja. Kocha Shiru akaniombea — ni mgeni, ni mjomba wa mtu. Ndipo akatokea Annah, mama wa mchezaji wetu namba mbili, anauza sufuria pale pale Mbotela, nimepita mbele ya meza yake mara mia. Akakamata koti langu kwa nyuma, ngumi nzima. "Huyu wachia mimi. Hatoki." Njogu akakubali. Na kweli nikashikwa koti kuanzia asubuhi, kama mbuzi wa mnadani.

"Si ulikuwa unasema umecheza?" Annah akaniuliza.

"Nimecheza."

"Ulicheza wapi? Kwa ndoto?"

Nikageuka niondoke, koti lilikuwa mkononi mwake.

Lakini alinifundisha. Alinifundisha vizuri kuliko mwalimu wa darasa la saba. Kwamba wale waliomlalia hawakuwa wanampiga, wanagombea mpira. Kwamba wa kwetu walikuja juu yake kumlinda. "Akiwa chini aone soksi za kijani juu yake, ndio anapumua. Anajua mpira haiibiwi." Na kwamba kushika shingo ni makosa, kumwangusha mtu akiwa hewani ni makosa, refa anakutoa. Mechi ya pili nikaanza kuona. Kama vile mtu akikuonyesha mshono ambao hukuujua, basi unauona kila mahali. Tukashinda kumi na saba kwa sifuri! Muhonja alifunga mara mbili. Ya pili alinitazama kidogo. Kidogo tu.

Mechi ya tatu ni ya nusu fainali. Kwa sababu tulipoteza ile ya kwanza, ikabidi tukutane na wakali kuliko wote. Kwa sababu yangu, yaani. Niandike wazi.

Wana msichana mmoja mkubwa, kifua kama cha dereva wa lori. Muhonja akaruka kuudaka mpira, na yule alikuwa anakuja mbio, hakusimama. Nilisikia mlio. Mimi naujua mlio wa fremu ya mbao ikianguka sakafuni. Ndio huo. Akaanguka na bega la kushoto.

Hakuinuka.

"Tulia," Annah akasema. "Tulia, mjomba. Tulia."

Binti wa huduma ya kwanza, Ifrah, akakimbia na begi lake. Njogu akamtoa yule mkubwa nje. Mimi nikaanza kuhesabu, sijui kwa nini. Kumi na tano. Ishirini. Nikaona machela pembeni, imeegemezwa kwenye kigingi, na mvulana amekwenda kuishika. Nikamwona Kweyu akilini, na mikono yake miwili. Nimebeba kochi la watu watano kichwani kutoka Kirumba mpaka Igoma (la watu watatu, na nilipumzika), lakini kusimama pale nyuma ya kamba sijawahi kufanya kazi nzito namna ile. Thelathini. Thelathini na tano.

Arobaini, akakaa. Akatema mate. Akamwambia Ifrah kitu, Ifrah akacheka!

Nikageuka nimwambie Annah aachie sasa, ameanza kunikaba. Annah alikuwa ameshaliachia koti. Mikono yake yote miwili ilikuwa mdomoni.

Muhonja akataka kuendelea kucheza. Shiru akakataa. Akabisha, akalia, akapiga teke chupa ya maji. Shiru hata sauti hakuinua: "Bega kwanza. Mechi ziko nyingi." Akamtoa. Na yeye ndiye mchezaji wake bora, na tulikuwa nyuma kwa pointi mbili. Tukafungwa.

Mwishoni walioshinda hujipanga mistari miwili wakawapigia makofi walioshindwa wakipita katikati. Sikujua kama kuna desturi kama hiyo. Yule mkubwa hakupiga makofi. Alimfuata Muhonja, akapiga magoti kwenye udongo, akamfunga kamba ya kiatu iliyolegea, maana Muhonja mkono ulikuwa umefungwa leso. Akamaliza, akampiga kofi la mguuni, akaondoka.

Tulirudi Tena kwa miguu. Ifrah alisema mfupa haujavunjika, ni nyama imepondwa, aweke barafu, na Jumatatu aende akapigwe picha kuhakikisha. Tulitembea mpaka karibu na kituo cha maji.

"Mjomba."

"Naam."

"Hujawahi cheza."

Nikafikiri juu ya Viboko. Juu ya Wajerumani. "Hapana."

"Nilijua ile siku ya vikombe." Akatembea. "Sikiza basi. Kesho usimwambie buda. Mwambie ulicheza, hivyo hivyo. Mwambie nilicheza poa. Na hii bega usiitaje. Ukisema bega, mambo imeisha."

"Muhonja—"

"Mjomba, please. Maisha yangu yote umekuwa ukidanganya watu bure. Mara moja tu danganya na kitu ya maana."

Kabla ya geti akaifungua ile leso kwa meno, akaikunja, akaitia ndani ya begi. Akaingia akipiga mluzi. Baba yake alikuwa mlangoni, alimtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni kama mtu anayepokea mzigo. Akanitazama na mimi. "Kesho, shemeji," akasema.

Muhonja alitundika ufunguo kwa mkono wa kulia. Yeye hutumia wa kushoto.

Jumapili, 21 Septemba

Asubuhi. Sijaenda kanisani.

Kudanganya ni rahisi. Viboko nawajua kwa majina sasa, na nikianza Kweyu atawaona. Mtoto atasoma, atacheza, atanipenda. Na sitakuwa nimemwibia mtu.

Nikisema kweli: shemeji, sijui raga, niliruka kamba kama mwendawazimu, na binti yako aliumia bega siku hiyo hiyo uliyonituma. Nani atamruhusu mtoto baada ya hapo? Na Muhonja hatanisamehe. Sina mtoto mwingine wa Nyanjura. Hakuna.

Na bado acheze, nasema. Nasema kwa nguvu kuliko juzi. Juzi nilikuwa nasema kwa sababu ya macho yake. Sasa ni kwa sababu ya miguu, na Shiru, na yule mkubwa aliyepiga magoti. Lakini nikimwambia Kweyu nilicheza, hatasikia hayo. Atamsikia namba kumi na tisa wa Viboko. Mtu ambaye hayupo ndiye atakayempa ruhusa.

Nimepiga pasi koti. Nyuma lina alama ya ngumi, haitoki.

Jumapili hiyo hiyo, saa kumi

Niko jikoni kwa Kweyu. Naandika nimesimama, daftari juu ya mtungi wa gesi. Amesema nimwache kidogo, niweke chai.

Imekuwa hivi. Alikaa kwenye kiti chake, Muhonja kwenye mkono wa kochi. Kweyu alikuwa amevaa shati la kwendea harusini. Akasema, "Haya, khotsa." Nikaanza na Viboko! Ndiyo, nilianza. Nikafika kwa Wajerumani. Kweyu akainama mbele, viwiko magotini, anasikiliza kama mwanafunzi — na anaamini. Kila neno. Mtu aliyezika mke anakuamini hivyo, utafanya nini?

Nikasema, "Shemeji, sikucheza. Hata siku moja."

Muhonja akafumba macho.

Nikamwambia yote. Kamba, kiatu, kadi nyekundu. Nilidhani atacheka, hakucheka. Halafu nikasema bega. La kushoto. Na leso iko ndani ya begi. Muhonja akainuka, akanitazama — sitaandika alivyonitazama — akatoka nje kwenye ngazi. Hakubamiza mlango. Aliufunga pole pole kama wa nyumba ya mgonjwa.

Niliendelea kuongea na mlango uliofungwa. Arobaini. Ifrah. Picha ya Jumatatu. Shiru kumtoa akiwa anamhitaji. Yule mkubwa.

"Akiwa chini, wewe ulifanya nini?" Kweyu akauliza.

"Nilisimama."

"Ulisimama tu?"

"Nilisimama, shemeji."

Akafungua kifungo cha juu cha shati. "Na sasa unasema aje? Kama mjomba. Si kama mchezaji."

"Nasema acheze."

Ndipo akasema nimwache kidogo.

Ameinuka. Nasikia viatu. Amefungua mlango wa ngazi.

"Muhonja. Kuja."

Nasikia kiatu kinaburuzwa kwenye ngazi, haji.

"Kuja, mama."

Wameingia. Mlango huu wa jikoni haufungi vizuri, nawaona kwenye upenyo.

"Inua mkono. Si hiyo. Ile ingine."

Anainua. Umefika kifuani. Umefika begani, umesimama. Uso wake umejikunja, lakini unapanda tena, pole pole, umefika sikioni. Kweyu amempitisha kidole gumba juu ya mfupa, anabonyeza, anasogeza, anabonyeza, jinsi mimi ninavyotafuta msumari chini ya kitambaa.

"Hapa?"

"Hapana."

"Hapa?"

"Kidogo."

"Usinidanganye."

"Hapo inauma, buda. Inauma sana."

Hajatoa kidole. Mkono wa Muhonja bado uko juu. Anamuuliza huyo Ifrah alisomea wapi. Anamuuliza kama huko bwenini kuna daktari, na kama Shiru anakuwanga na simu Jumapili.

Chai imepanda, inafurika, inazima moto. Siwezi kusogea. Nikisogea watanisikia.